Pumzi ya Pango la Zege

Ukikaa juu ya jabali la matumbawe lililotobolewa na bahari kwa chini, msimu wa kusi, maji yakiwa yamejaa, utasikia pumzi. Wimbi linaingia pangoni, hewa ya ndani inakosa pa kukimbilia, inafoka kupitia tundu dogo. Wimbi likirudi nyuma, tundu hilohilo linavuta hewa. Mtambo wa LIMPET, uliowashwa mwaka 2000 kwenye kisiwa cha Islay huko Uskoti, ulikuwa pango la namna hiyo lililojengwa kwa zege, na palipo na tundu paliwekwa turbaini. Ndio uliokuwa mtambo wa mawimbi wa kwanza kulisha gridi ya taifa kibiashara.

Watu wakisikia habari zake huuliza kwanza kuhusu samaki: je, mapanga hayatawakatakata? Swali hili linanikera, maana hakuna panga hata moja linalogusa maji. Kilichomo baharini ni ukuta, na baada ya miezi michache ukuta huo huvaa mwani na chaza kama mwamba mwingine wowote. Chote kinachozunguka kinazunguka hewani.

Na kinavyozunguka ndiyo ajabu yenyewe. Wimbi la sekunde kumi huigeuza hewa ya pangoni itoke na kuingia zaidi ya mara milioni tatu kwa mwaka. Feni ya kawaida ingezunguka kulia, isimame, izunguke kushoto, mpaka ivunjike. Miaka ya 1970, Profesa Alan Wells wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, alibuni turbaini inayozunguka upande mmoja tu, hewa ije kwa mbele au kwa nyuma. Mfikirie nahodha wa ngalawa anayetoka pwani yetu kwenda mashariki. Kusi humpiga ubavu wa kulia, kaskazi humpiga ubavu wa kushoto, lakini pepo zote mbili humsukuma mbele, mradi ahamishe tanga. Panga la Wells ni tanga lisilohitaji kuhamishwa: pande zake mbili zinafanana kabisa, kichwa mviringo na mkia mwembamba mithili ya samaki, nalo limelala sawasawa na mzunguko wake, likikatizwa na hewa kwa ubavu. Likishika kasi, upepo wa upande wowote hulivuta mbele. Ila haliwezi kuanza vizuri lenyewe, lazima lisukumwe kwanza kwa mota, na hewa ikizidi nguvu linapoteza mshiko. Dhoruba kali, ambayo wengi hudhani ndiyo sikukuu ya mtambo, huufanya ufanye kazi vibaya.

Basi madhara yako wapi? La kwanza ni kelele. Turbaini ya Wells inavuma, ikabidi njia ya kutolea hewa ya LIMPET iwekewe kizuia sauti, kisiwani ambako bata bukini kwa maelfu huja kutoka Greenland kupisha baridi. La pili ni mwamba. Pango lilichimbwa nyuma ya ukuta wa asili, kisha ukuta ukalipuliwa ili bahari iingie. Jeraha hilo haliponi. Ndiyo maana nasema wazi kwamba anayetaka kuvunja matumbawe yetu apate nafasi ya mtambo kama huu asipewe kibali. Mawimbi yenye nguvu hasa yako mbali na ikweta, na matumbawe hayo ndiyo yanayoilinda pwani.

Hata hivyo, tathmini ya athari kwa mazingira isipoweka dizeli upande wa pili wa mizani ni nusu tathmini. Kisiwa kilicho mbali kinachowasha jenereta kina moshi, kelele ya usiku kucha, na mafuta yanayomwagika yakishushwa gatini. Waliokaa Mafia hawahitaji kuelezwa. Visiwa vya Azores navyo vina gridi zilizotengana na mafuta huja kwa meli. Ndiyo sababu Pico, kimojawapo, kilijengewa mtambo wa kilowati 400 mwaka 1999.

Lakini mwaka 2018 bahari iliubomoa ule wa Pico. Islay nako mashine ziling'olewa, ganda la zege likaachwa pwani. Hapa ndipo ninapokasirika: karatasi nyingi za tathmini huhesabu kila kiumbe cha siku ya ujenzi, halafu hazisemi nani atabeba zege siku mtambo ukifa. Mutriku, mji wa wavuvi wa Basque nchini Hispania, walifikiri vizuri zaidi. Ukuta wa kukinga bandari ulikuwa unajengwa vyovyote iwavyo, wakaupa vyumba vya hewa na turbaini 16. Umeme wake umekuwa ukitoka tangu 2011, na siku turbaini zikichoka ukuta utaendelea kukinga mashua.

Matumizi mengine yapo: kuondoa chumvi majini, kama ilivyojaribiwa Vizhinjam kule Kerala, India, kugandisha barafu ya samaki, kuchaji betri. Mojawapo la zamani ni taa za maboya za Yoshio Masuda wa Japani, zilizoanza kuuzwa miaka ya 1960. Pumzi ya boya moja inatosha kuwasha taa ya kuongoza meli, na boya likichakaa huvutwa kwa kamba hadi bandarini.