Ujira wa Kutwa na Mshahara wa Mwezi

Wasomaji wetu wa Makadara na Mji wa Kale huwaona kila alfajiri vijana waliosimama mbele ya maghala na kandokando ya soko la Marikiti, wakingoja kuitwa. Atakayeitwa atabeba magunia mpaka jua litue, atapewa ujira wake, na kesho atasimama tena mahali pale pale kana kwamba jana hakufanya kazi. Wazee wake humwambia, “Fanya bidii, mwanangu, utaendelea.” Neno hili ni la kweli, lakini si kweli yote. Katika makala haya twataka kueleza ni wakati gani bidii ya mtu wa kazi ya mikono humpandisha, na ni wakati gani humchosha tu. Na kwa jambo hili hakuna mwalimu mzuri kuliko bandari yetu wenyewe.

Kwanza neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Hapo zamani mfanya kazi alipewa kikaratasi kilichotiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, na siku zilipotimia alilipwa. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu, hata leo twasema “vibarua wamefika” pasipo kukumbuka kwamba twawaita watu kwa jina la kikaratasi. Sisi ambao kazi yetu ni kufasiri twaweza kuliona hili kuwa jambo dogo la lugha. Walakini kikaratasi kile kilihesabu siku, hakikumjua mtu.

Gati za maji makuu zilipofunguliwa Kilindini katika miaka ya 1920, makampuni ya kupakia na kupakua shehena yaliajiri makuli kwa kutwa. Meli zikija nyingi, watu walihitajiwa kwa mamia. Zisipokuja, hakuna aliyehitajiwa. Kwa hiyo makampuni yalipenda kuwa na watu wengi langoni kuliko kazi iliyokuwapo. Kuli naye alikuwa na sababu zake za kuupenda mpango huo. Ujira wa siku moja bandarini ulipita ule wa kazi nyingi nyingine za mjini, na mtu mwenye shamba au minazi bara aliweza kufanya kazi siku chache, akapata fedha za haja zake, akaenda kulima.

Wakubwa wa siku zile walipoona kwamba kuli amefanya kazi siku kumi tu katika mwezi, walisema ni mvivu. Sisi twaona hukumu hiyo haikuwa ya haki. Mtu aliyefanya kazi siku ishirini na tano na yule aliyefanya siku kumi, wote wawili walisimama asubuhi ya pili katika lango moja, wakangojea ujira ule ule. Hakuna aliyepewa likizo wala malipo ya uzeeni, na hakuna aliyeitwa kwanza kwa kuwa mnyapara ameandika mahali fulani kwamba ni hodari. Yule wa siku ishirini na tano alizidi fedha za siku kumi na tano, akazidi na maumivu ya mgongo. Ngazi ya kupanda haikuwapo, na mtu asiyepanda ngazi isiyokuwapo hastahili kuitwa mvivu.

Malalamiko yalianza na kodi ya nyumba. Katika mwezi wa Julai na Agosti 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na katika uchunguzi uliofuata ilidhihirika kwamba vyumba vya kisiwani vilikuwa vichache, ghali na vimejaa watu. Vita ikaongeza bei ya kila kitu. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa muda wa siku kumi na mbili: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Walikutana katika uwanja wa mpira wa Majengo, si mbali na Makadara, ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Katika mgomo huo kilizaliwa chama cha wafanya kazi kilichoongozwa na Bw. Chege Kibachia. Bw. Eliud Mathu, mjumbe wa kwanza Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja Mombasa kuwasihi watu warudi kazini, na Jaji Thacker akapewa kazi ya kuamua habari za mishahara. Bw. Kibachia mwenyewe alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa Baringo.

Jambo kubwa zaidi lilisemwa mwaka 1954, katika taarifa ya kamati iliyoongozwa na Bw. Carpenter. Mpaka wakati huo mshahara wa chini ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke mjini, kana kwamba watoto wake hula umande huko kwao. Kamati ikasema kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kutulia kazini wala kujifunza kazi, kwa sababu nusu ya moyo wake iko shambani; basi mshahara upandishwe kwa miaka hata umtoshe mtu na jamaa yake. Hapo ndipo Serikali ilipoanza kukiri kwamba bidii hufuata mshahara, wala si mshahara tu unaofuata bidii. Makuli waligoma tena mwezi wa Machi 1955, na Bw. Tom Mboya akaja kutoka Nairobi kusaidia mapatano, ambayo yaliwaongezea ujira na kukipa nguvu chama cha wafanya kazi wa bandari.

Katika miaka hiyo makuli waliandikwa katika daftari, na asiyetimiza idadi ya siku zilizowekwa alifutwa. Hatimaye wengi wakawa watu wa mwezi. Sasa jina la mtu lilikaa mahali na mwenendo wake ulijulikana. Kuli hodari aliweza kufundishwa kuendesha winchi, au kuwa karani wa kuhesabu shehena, au mnyapara wa kundi. Lakini tusifiche upande wa pili: mlango uliofunguliwa kwa walioandikwa ulifungwa kwa wasioandikwa, na yule mkulima wa siku kumi hakuwa na nafasi tena. Kisha yalikuja makasha ya chuma, na mashine moja yenye watu wachache ikafanya kazi ya makundi mengi ya wabeba magunia.

Vijana tuliowataja mwanzo wamo katika hali ya kuli wa kale, ila wana sheria ambayo yeye hakuwa nayo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, ingawa tajiri aendelea kumlipa kila jioni. Akipita miezi miwili, hupata haki kama za mtu aliyeajiriwa tangu mwanzo. Matajiri wengine hulijua hili vizuri, ndiyo maana humwambia mtu apumzike siku chache kabla mwezi haujatimia. Yafaa kila kibarua aandike mwenyewe katika daftari dogo siku alizofanya kazi na jina la mnyapara wake. Kifungu cha 51 kinampa aliyefanya kazi majuma manne au zaidi haki ya kupewa hati ya utumishi anapoondoka. Hati hii si kama kipande cha zamani kilichovaliwa shingoni, kilichoonyesha hata mshahara wa mtu, ili tajiri wa pili asimzidishie. Hii yataja kazi, mahali na tarehe.

Kisha kuna mtihani wa ufundi. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, yenye kituo Mombasa, huwapima mafundi kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza, hata waliojifunzia kazini. Tarehe 1 Novemba 2024 mshahara wa chini wa mfanya kazi wa kawaida wa Mombasa uliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, mbali na fedha za nyumba; wa dereva wa gari kubwa la mizigo ulikuwa zaidi ya mara mbili ya huo. Tofauti hiyo hailetwi na jasho, maana mbeba magunia hutoka jasho zaidi. Yaletwa na karatasi inayomjua mtu.

Abakia mvuta mkokoteni. Yeye hana tajiri wa kumdai mwezi wala hati. Mkokoteni mara nyingi ni wa kukodi, bei ya kubeba hupatanwa papo hapo na mwenye duka, na siku ya mvua hakuna anayemlipa. Kifungu cha 37 hakimfikii, kwa kuwa kila mzigo una mwajiri wake, na mwajiri huyo hudumu kutoka Marikiti mpaka mlangoni pa duka.