Dakika za Zimamoto: Mfano wa Bronx ya Kusini

Ubaguzi katika huduma za mji hauhitaji sikuzote sheria inayomtaja Mweusi wala maskini. Kipimo kilichochaguliwa vibaya chatosha. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha jambo hilo kwa mfano wa idara ya zimamoto ya New York, nchini Marekani.

Mnamo 1968, katika utawala wa meya John Lindsay, mji huo uliwaita wataalamu wa hesabu wa shirika la RAND ili wauonyeshe namna ya kupanga vikosi vyake kwa gharama ndogo. Wataalamu walichagua kupima muda: tangu gari kuondoka kituoni hadi kufika penye moto. Kipimo hiki chaonekana hakina upendeleo, kwani saa haimjui tajiri wala fukara. Lakini sisi tunaoshughulika na isimu twajua kwamba swali laweza kubeba dhana ambayo mwulizaji hakuitamka. Kuuliza gari litafika baada ya dakika ngapi ni kukubali kwanza kwamba gari limo kituoni. Katika mitaa ya wenye uwezo mambo yalikuwa hivyo. Katika Bronx ya Kusini, walikoishi hasa Weusi na Wapuertoriko katika nyumba za kupanga zilizochakaa, mara nyingi kikosi cha karibu kilikuwa tayari mahali pengine, kinazima moto mwingine. Vituo vya huko vilikaribiana kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Katika hesabu, kukaribiana huko kukawa ushahidi kwamba baadhi yavyo ni vya ziada.

Kuanzia Novemba 1972 vikosi vikafungwa au kuhamishwa, na upungufu wa fedha wa 1975 ukazidisha hali hiyo. Kati ya 1970 na 1980, sehemu 7 za sensa katika Bronx zilipoteza zaidi ya asilimia 97 ya majengo yake kwa kuungua na kutelekezwa.

Lawama, hata hivyo, ziliwaangukia wakaaji. Mapema 1970 Daniel Patrick Moynihan, mshauri wa Rais Nixon, alikwisha kumwandikia kwamba moto ni dalili ya maradhi ya jamii, na kwamba mwingi wake huwashwa kwa makusudi. Mnamo 1976 Roger Starr, msimamizi wa makazi wa mji, alipendekeza huduma ziondolewe katika mitaa iliyodhoofika. Aliita jambo hilo "upunguzaji uliopangwa": istilahi isiyomtaja mpunguzaji wala mpunguzwa. Sensa ya 1970 ilikuwa imewahesabu watu 1,471,701 katika Bronx nzima. Ile ya 1980 iliwakuta 1,168,972.