KULINDA MAANDISHI YALIYOMO KATIKA KOMPYUTA

Iguguno ni mji mdogo katika Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida. Wakulima wa huko hulima alizeti. Tuseme kwamba chama chao cha ushirika kinatunza katika kompyuta orodha ya wanachama: jina la kila mkulima, namba yake ya simu, kilo alizoleta na fedha anazodai. Usiku mmoja kompyuta hiyo inaibwa. Je, mwizi ataweza kuisoma orodha?

Huenda ukajibu kwamba hawezi, kwa kuwa kompyuta ina neno la siri. Jibu hilo si kamili. Neno la siri linaloulizwa kompyuta inapowashwa ni kama kufuli la mlango wa ghala. Mwizi akikuta kufuli, aweza kutoboa ukuta. Vivyo hivyo, aweza kuichomoa diski, yaani kile kifaa kinachotunza maandishi, akaiunganisha na kompyuta nyingine na kusoma yote. Kwa hiyo yafaa maandishi yenyewe yageuzwe. Kazi hiyo huitwa usimbaji.

Fanya jaribio hili. Andika herufi A hadi Z katika mstari mmoja. Kisha andika neno IGUGUNO, na badala ya kila herufi weka ile iliyo hatua tatu mbele yake. Utapata LJXJXQR. Namba 3 ndiyo ufunguo. Aliye nao atarudi nyuma hatua tatu, naye atalisoma neno. Julius Caesar, mtawala wa Rumi, alitumia njia hii katika barua zake zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Lakini tazama vizuri. GUGU imekuwa JXJX; umbo la neno halikufichika. Tena, funguo zote ni 25 tu. Na katika Kiswahili herufi A hutokea mara nyingi kuliko nyingine, hivyo herufi inayorudiwa mno katika barua iliyosimbwa yaelekea kuwa ndiyo A.

Kompyuta za leo hutumia hesabu ngumu zaidi. Njia moja, iitwayo AES, ilikubaliwa rasmi Marekani mwaka 2001. Hata katika aina yake yenye ufunguo mfupi kabisa, idadi ya funguo ni namba yenye tarakimu 39.

Hata hivyo, mara nyingi ufunguo huo hulindwa kwa neno la siri ulilochagua wewe. Likiwa hafifu, kazi yote ni bure. Tarakimu nne hutoa michanganyiko 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10,000. Katika huduma ya pesa kwa simu, makosa machache hufunga akaunti. Faili lililoibwa halina mlinzi wa namna hiyo. Kompyuta ya mwizi itaijaribu michanganyiko yote upesi sana. Herufi nane zilizochanganywa ovyo hutoa zaidi ya bilioni 200, na kila herufi unayoongeza huzidisha idadi hiyo mara 26.

Karani akilisahau neno la siri, hakuna fundi atakayemfungulia orodha. Basi na aliandike, alitie katika bahasha, na bahasha ifungiwe katika sanduku la fedha, mbali na kompyuta. Wako makarani wanaolibandika ukutani! Huko ni kuacha ufunguo ndani ya kufuli.

Zoezi: Maneno haya yanataja mazao mawili ya Singida. Tafuta ufunguo, kisha uyasome: RYFRF SF PFWFSLF.