Mbwa-mwitu na Ngozi Yake

Jina la mbwa-mwitu twalijua kwa kusoma Injili, maana ndiye adui wa kondoo. Lakini mnyama mwenyewe hatumwoni hapa kwetu. Wale wa nyika zetu wenye mabaka ni jamaa yake tu. Huyu tunayemsema hukaa katika nchi za baridi, kama Kanada na Urusi, na manyoya yake huwa mazito wakati wa theluji. Watu wa kaskazini huyashona katika ukingo wa kofia, kwa kuwa jalidi ya pumzi ikigandamana juu yake hupangushwa upesi.

Basi, jinsi ya kumtega ni hivi. Mtego ni wa chuma, una taya mbili, na katikati pana kibao. Mtegaji huuchemsha kwanza ili harufu ya mtu itoke, huufukia kwa udongo mwembamba, kisha hunyunyiza mkojo wa mbwa-mwitu kando yake. Mnyama akikanyaga kibao, taya hufumba mguu wake, naye hukaa akivuta mnyororo mpaka mtegaji aje, pengine usiku kucha au zaidi.

Katika karne ya 19 mitego mingi ya namna hiyo iliundwa Oneida, jimbo la New York, na jamii ya watu wa dini walioishi kwa ushirika. Faida yake ndiyo iliyowalisha. Magharibi ya Marekani, katika miaka ya 1860 na 1870, wengine walitia sumu ya strikinini katika mizoga ya nyati, kisha wakachuna ngozi za mbwa-mwitu waliokufa. Mbweha, kunguru na tai nao wakafa bure. Hata Yellowstone, hifadhi ya serikali, mbwa-mwitu wa mwisho waliuawa mwaka 1926.

Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilitoa sheria ya kukataza mtego wa kushika mguu. Kanada na Alaska utegaji ungaliko, nao wako wapatao riziki kwa kazi hiyo, hatuwahukumu. Tena mwaka 1995 mbwa-mwitu 14 waliletwa Yellowstone kutoka Kanada, na wategaji wa kule walisaidia katika kazi ya kuwapata wakiwa hai. Ujuzi ni ule ule. Nia ndiyo iliyogeuka.

Nasi tuna mitego yetu ya waya na mashimo, wala hatukatai kwamba mnyama alaye mbuzi apaswa kuzuiwa. Lakini jioni tuulizane nyumbani: ni nani aendaye kuutazama mtego wake alfajiri, na ni nani auachaye siku tatu? Mnyama aliyenaswa hana wa kumhurumia ila yeye aliyemtega.