Kwa nini mgonjwa wa saratani kutoka Kigoma hapigwi mionzi siku anayofika

Mama ametoka Kagunga kwa boti hadi Kigoma mjini. Hospitali ya Maweni imemwandikia rufaa, amepanda basi hadi Bugando, Mwanza, kwa sababu mkoa hauna mashine ya tiba ya mionzi. Akifika anaambiwa apige CT-Scan nyingine, kisha asubiri siku kadhaa. Huko nyumbani maneno yanaanza: hospitali inatafuta hela tu.

Kumbe picha hizo mbili zina kazi tofauti. Ile ya kwanza ilitafuta ugonjwa. Ya pili ni ya kulengea.

Hupigwa mgonjwa akiwa amelala kwenye kitanda tambarare kama kile cha mashine ya mionzi, maana mwili ukilala tofauti, uvimbe nao unahama. Kisha anawekwa alama ndogo kwenye ngozi, ambazo kila siku mwanga wa leza utaangukia hapo hapo. Alama za wino hazisuguliwi wakati wa kuoga. Zikififia, wataalamu waambiwe. Mtu asizichore upya mwenyewe.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mgonjwa mara nyingi huambiwa pia anywe maji na abane mkojo. Kibofu kikijaa, husukuma utumbo mbali na mionzi. Siku akija kibofu kitupu, utumbo hurudi pale pale na kupata dozi isiyo yake.

Baada ya picha, daktari anachora mipaka ya uvimbe kwenye kompyuta. Mtaalamu wa fizikia tiba anapiga hesabu: mionzi ipite pembe zipi, kwa muda gani. Mgonjwa wengi hawamwoni kabisa mtu huyu, lakini kuchelewa kwingi ni kazi yake. Dozi ikipungua, saratani inaweza kurudi. Ikizidi, kibofu na utumbo vinaungua.

Hesabu zenyewe hazitulii. Mashine ya kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 5 na miezi michache. Kwa hiyo dozi iliyochukua dakika 2 chanzo kikiwa kipya itachukua dakika 4. LINAC, zinazotumika Ocean Road jijini Dar es Salaam, hutengeneza mionzi kwa umeme, lakini nazo lazima zipimwe mara kwa mara.

Wapo pia wa kuwakagua wapimaji. Tangu 1969, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani hutuma kwa hospitali za nchi mbalimbali vipimo vidogo, kwa posta. Hospitali inavipiga mionzi na kuvirudisha. Tofauti ikizidi asilimia 5, inafuatiliwa.

Mpango ukishakamilika, mionzi ya nje kwa saratani hiyo huwa kama siku 25, siku 5 kwa wiki, halafu inafuata mionzi ya ndani. Yote inatakiwa iishe ndani ya wiki 8, kwa sababu siku za kuruka zinazipa seli za saratani nafasi ya kuzaliana tena.

Kwa familia ya Ujiji au Kagunga, wiki 8 ni chakula, pa kulala, na mtu wa kubaki na watoto. Nauli ya basi ndiyo sehemu ndogo. Hayo ndiyo ya kuulizia pale Maweni, kabla ya kukata tiketi.