Herufi Moja Iliyobadilika: Kufundisha Selimundu kwa Kompyuta

Mtoto anapougua selimundu, mara nyingi hutafutwa mtu wa kulaumiwa: mama aliyemzaa, ukoo wa baba, au jirani anayedhaniwa kuwa mchawi. Mwalimu wa baiolojia wa sekondari anayo leo nyenzo ya kuwaonesha wanafunzi chanzo halisi cha ugonjwa huo. Nyenzo hiyo ni bayoinfomatiki, yaani elimu ya kusoma na kulinganisha taarifa za vinasaba kwa msaada wa kompyuta.

Taarifa za vinasaba huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T. Kila herufi tatu huutajia mwili asidi amino moja, na asidi amino zikiunganishwa hufanya protini. GenBank, hifadhi ya taarifa hizo iliyoko Marekani, iko wazi kwa watu wote bila malipo. Humo mwanafunzi hutafuta HBB, jeni iliyomo katika kromosomu ya 11, inayoelekeza utengenezaji wa sehemu ya himoglobini. Kisha, kwa programu ya BLAST, hulinganisha mfuatano wa kawaida na ule wa selimundu. Katika herufi 444 za maelekezo ya protini hiyo, tofauti ni moja tu: GAG imekuwa GTG.

Kwa badiliko hilo, asidi ya glutamiki huachia nafasi yake kwa valini. Himoglobini ikipungukiwa oksijeni hushikamana, chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Jambo hilo Vernon Ingram alilieleza mwaka 1957 baada ya kazi ndefu ya maabara. Mwanafunzi wa leo huiona herufi yenyewe kwa dakika chache.

Hapo yafaa kumkumbuka Gregor Mendel, padre na mtawa Mwaugustino, ambaye mwaka 1866 alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere. Kutokana na kazi yake twafahamu kwamba kila mzazi humpa mtoto nakala moja ya jeni. Baba na mama wakiwa wote wabebaji wa badiliko hili, ingawa wenyewe ni wazima, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye selimundu. Basi si mama peke yake, wala si uchawi.

Shule isiyo na intaneti ya uhakika isikate tamaa. Mwalimu aweza kuchapa mifuatano hiyo miwili kwenye karatasi, na wanafunzi wakaitafuta tofauti kwa penseli. Ajihadhari tu asimtake mwanafunzi yeyote kutaja hali yake ya afya mbele ya wenzake. Kijana aliyeiona herufi hiyo kwa macho yake atakuwa na neno la kweli la kusema nyumbani, siku lawama zitakapoanza.