Anayekuhubiria ukiwa taabuni, je, atabaki nawe?

MKAZI wa Kiamunyi, huko magharibi mwa Nakuru kwenye barabara ya kuelekea Kabarak na Eldama Ravine, hahitaji kwenda mbali kuwapata watu wanaomlilia Mungu. Kreta ya Menengai iko papo hapo. Kwa miaka mingi mapango yaliyomo ndani yake yamekuwa mahali pa maombi. Waumini wa madhehebu mbalimbali hushuka huko na Biblia na blanketi zao, wakafunga siku moja, mbili au zaidi, kisha wakapanda tena na kurudi makwao.

Wanalolilia si siri. Ni karo ya mtoto aliyerudishwa nyumbani. Ni mgonjwa aliyelala miezi kitandani. Ni baba aliyeachishwa kazi, kama walivyoachishwa wafanyakazi wa Eveready mwaka wa 2014 kampuni hiyo ilipofunga kiwanda chake cha betri mjini Nakuru. Kabla ya hapo, wakulima wa pareto walikuwa wamesubiri malipo yao miaka nenda miaka rudi, hadi wengi wakaing'oa mimea yenyewe. Na tusisahau dhiki ya kuchomewa nyumba na kufurushwa, ambayo watu wa sehemu hizi za Bonde la Ufa waliionja mwaka wa 1992, wakaionja tena 1998, na tena mwanzoni mwa 2008.

Sasa hebu fikiria, msomaji. Mtu huyu aliyeomba pangoni anaporudi nyumbani, atamwambia nini jirani yake ambaye naye amezongwa na shida? Mkristo ameagizwa kuieneza imani yake, na masikio ya binadamu huwa wazi zaidi anapokuwa taabuni kuliko anapokuwa amekula akashiba. Neema iko hapo. Hatari nayo iko hapo hapo.

WAFANYABIASHARA WA DHIKI

Tuanze na hatari. Wapo waliokwisha kugundua kwamba mtu aliyekata tamaa hana nguvu ya kuuliza maswali. Mjane mwenye watoto watatu anaambiwa "apande mbegu" ya shilingi elfu kadhaa ili milango ifunguke. Anakopa, anapanda. Milango isipofunguka anaambiwa kwamba imani yake ni haba. Anarudi nyumbani akiwa amepoteza pesa na, lililo baya zaidi, akiamini kwamba Mungu amemkataa kwa kosa lake mwenyewe.

Pesa hata hivyo hutafutwa zikapatikana. Wapo wagonjwa walioshawishika kutupa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kwa sababu mtu fulani alitangaza kwamba wameponywa. Na mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watoto. Upande wa mashtaka ulieleza kwamba watu hao waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Aliyesikia habari hizo akaapa kutomsikiliza mhubiri yeyote tena, mimi simlaumu.

Lakini sidhani kwamba dawa ya hayo ni waumini kunyamaza. Iko njia nyingine ya kumhubiria mtu aliye taabuni, nayo si ngeni kwetu. Ilipita hapa hapa Afrika Mashariki, na wazee wetu wengi waliitembea.

WANDUGU WASIO NA UPANDE

Mwaka wa 1929, Muganda aitwaye Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church, walikutana Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Dakt Church alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini, Rwanda. Kutokana na urafiki wa watu kama hao, katika miaka ya 1930 ulizuka uamsho ulioenea Rwanda na Uganda, na kufikia mwaka wa 1937 wajumbe wake walikuwa wamewasili Kabete, hapa Kenya.

Watu wa uamsho hawakuanzisha kanisa jipya. Walibaki katika makanisa yao, wakawa wakikutana katika vikundi vidogo na kuitana Ndugu. Wimbo wao, Tukutendereza, uliimbwa kwa Kiganda hata na wasiojua neno lingine la Kiganda. Jambo lililowashangaza watu zaidi ni desturi yao ya kukiri makosa hadharani. Mume alikiri mbele ya mkewe. Aliyeiba alitaja alichoiba na kukirudisha. Mmishonari Mzungu alimwomba Mwafrika msamaha kwa kiburi chake, na hilo, katika enzi za ukoloni, lilikuwa jambo la kusimuliwa.

Kisha ukaja mwezi wa Oktoba 1952, hali ya hatari ikatangazwa. Maelfu ya Wagikuyu waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya walowezi hapa Bonde la Ufa walirudishwa Mkoa wa Kati kwa malori. Kiapo cha Mau Mau kilikuwa kikizunguka. Wengi wa Ndugu walikataa kukila, wakisema kwamba damu ya Kristo iliwatosha. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za Home Guard. Basi wakawa watu wasio na upande, wakitishwa na huku na huku, na baadhi yao wakauawa.

Nisieleweke vibaya. Waliokula kiapo walikuwa wakidai ardhi yao, na madai hayo yalikuwa ya haki. Wapo waliowaona Ndugu kuwa waoga ama wasaliti hadi walipoingia kaburini, na ubishi huo sidhani utaisha leo. Ila hata aliyewachukia hakuweza kusema kwamba walihubiri ili wajitajirishe. Kilichowapata kwa sababu ya imani yao kila mtu alikiona.

UWANJANI KABALE

Mmoja wa watu wa uamsho huo alikuwa Festo Kivengere, mwalimu kutoka kusini magharibi mwa Uganda aliyewahi kufundisha Dodoma, na ambaye mwaka wa 1972 alifanywa askofu wa Kigezi. Kisa chake ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Mnamo Februari 1973, serikali ya Idi Amin iliwaleta watu watatu katika uwanja wa michezo wa Kabale ili wapigwe risasi mbele ya umma. Wananchi waliamrishwa wahudhurie. Askofu Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza na wale watatu kabla hawajafa, akakubaliwa.

Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyotembea kuelekea katikati ya uwanja huku akijiuliza atawaambia nini. Je, utampa neno gani mtu aliyebakiza dakika chache za kuishi? Uwaambie kwamba mambo yatakuwa sawa? Hayatakuwa. Uwaambie waamini nao wataokolewa na risasi? Huo ungekuwa uongo, na bunduki zilikuwa tayari.

Aliwafikia kwa nyuma. Walipogeuka kumtazama, alisema, nyuso zao zilikuwa zikimeremeta. Kabla hajafungua kinywa, mmoja wao alitangulia kusema. Alimshukuru askofu kwa kuja. Akaeleza kwamba siku aliyokamatwa, akiwa ndani ya seli, alimwomba Kristo aingie moyoni mwake, na kwamba sasa alikuwa na amani. Akamtuma askofu amweleze mkewe kwamba anakwenda kwa Yesu, na amsihi naye ampokee. Wenzake wawili wakasema maneno kama hayo hayo, wakiinua mikono yao iliyofungwa pingu.

Kivengere akaona kwamba hana la kuwaambia hao watu watatu. Waliohitaji kuambiwa ni wale askari. Akawageukia akawatafsiria yaliyosemwa. Askari walitatizika kiasi cha kusahau kuwafunika wafungwa nyuso. Wale watatu wakasimama wakiwatazama watu, wakawapungia mikono ile yenye pingu, na watu wakawapungia pia. Kisha risasi zikalia.

Mhubiri ndiye aliyehubiriwa siku hiyo. Na hao watatu hawakuwa na cha kuahidi. Bila shaka kuna mama, mke au mtoto aliyekesha akiomba waachiliwe, na hawakuachiliwa. Hakuna aliyeweza kuwashuku kwamba wanatafuta sadaka. Walisema tu lililo kweli kwao, mahali ambapo uongo haukuwa na faida yoyote.

Miaka minne baadaye, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Kivengere na mkewe Mera walitoroka usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Kwa kinywa chake alikiri kwamba moyo wake ulijaa chuki dhidi ya Amin, na kwamba ni Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alipoona kwamba chuki hiyo haingeweza kukaa pamoja na msalaba aliouhubiri. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Waliofiwa na jamaa zao hawakufurahi wote, na ni haki yao. Kivengere alifariki Nairobi mwaka wa 1988.

WALIOBAKI KAMBINI

Turudi nyumbani, maana nasi tulikuwa na wetu. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki alikuwa askofu wa Kikatoliki wa Nakuru tangu 1971 hadi 1996. Ghasia za kikabila zilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, alisema waziwazi wakati ambapo kusema kulikuwa na gharama, na dayosisi yake ikawapokea na kuwalisha waliofurushwa.

Kambi moja ya wakimbizi hao ilikuwa Maela, upande wa Naivasha, walikokusanyika watu waliotimuliwa Enoosupukia mwaka wa 1993. Kasisi Mmarekani, John Kaiser, alikwenda akakaa nao. Serikali ilipoivunja kambi hiyo usiku mwezi wa Desemba 1994, alipinga, naye akaondolewa. Aliendelea kuwatetea wasio na ardhi hadi Agosti 24, 2000, mwili wake ulipopatikana kando ya barabara karibu na Naivasha, akiwa amepigwa risasi kichwani. Uchunguzi wa mahakama uliomalizika 2007 uliamua kwamba aliuawa.

Mwaka wa 2008 maelfu ya watu waliishi katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Waumini wengi walipeleka unga na nguo. Lakini makanisa nayo hayakuwa na mikono safi. Mwezi wa Februari mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na za kikabila, likaomba radhi. Wale Ndugu wa zamani wangeitambua lugha hiyo.

NDANI YA BOMA LAKO

Basi wewe mama au baba wa Kiamunyi, ambaye si askofu, unafanya nini? Katika Matendo ya Mitume, Paulo na Sila wamefungwa Filipi, tetemeko linatikisa gereza na milango inafunguka. Wangeweza kukimbia. Askari jela, akidhani wafungwa wametoroka, anataka kujiua, na Paulo anapaza sauti kumjulisha kwamba wote wangali humo. Hapo ndipo askari jela anapouliza habari za wokovu. Hakuuliza walipokuwa wakiimba.

Jirani akifiwa, maji yanahitaji kuchotwa na kuni kupasuliwa. Nenda. Usimweleze kwa nini Mungu amemchukua mtoto wake, maana hujui. Rafiki za Ayubu walifanya vyema siku saba walizokaa naye kimya. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu. Mgonjwa akitaka maombi, omba naye, kisha umkumbushe saa ya dawa. Na watoto wako wakikuuliza kwa nini mliomba na baba hakurudishwa kazini, usiwatungie hadithi. Waambie kwamba hata wewe uliuliza, na waambie ni nini kinachokufanya uombe tena jioni ya leo.

Wakatoliki wana jumuiya zao ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Waanglikana wana Mothers' Union, PCEA wana Woman's Guild. Kazi kubwa ya vikundi hivi haionekani kwenye mabango wala kusikika kwenye vipaza sauti. Mkutano unapoisha, kabla chai haijamiminwa, mtu huuliza ni nani ambaye hajaonekana wiki hii. Jina hutajwa. Wawili hujitolea kwenda, mmoja akiwa na sukari na unga ndani ya mfuko, na Biblia ikiwa chini kabisa, itakayotolewa mwenye nyumba akiuliza.